Mashimo Ishirini na Manne ya Uwandani

Kama kuna mtu aliyewahi kupendwa na udongo, basi ni Tabaka. Alisema hivyo yeye mwenyewe, na kwa kuwa udongo hausemi, hakukuwa na wa kumbishia.

Jina lake halisi lilibaki kwenye jalada lake la utumishi tu. Watu wote ofisini, kuanzia mkurugenzi mpaka mfagizi, walimwita Tabaka, maana hakuna kitu alichokitazama asikione kwa matabaka. Akiletewa chai, anaangalia kwanza sukari iliyolala chini. Akikatiwa keki kwenye hafla ya kumuaga mwenzake, anaisogeza karibu na miwani, anaigeuza upande, anasema, "Mpaka wa tabaka la pili haueleweki vizuri," ndipo anakula. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na wenzake walishaanza kujiuliza yeye wataagana naye kwa keki ya namna gani.

Kazi kubwa ya maisha yake ilitundikwa ukutani kwenye korido, ndani ya kioo, upana wake sawa na mlango. Ilikuwa ramani ya udongo wa uwanda wa juu, ule mlima mpana uliolala kama meza, umbali wa nusu siku kwa gari kutoka mjini. Kila upande umekatika kwa majabali, na juu yake pametandazika, tambarare, mpaka jicho linachoka kutafuta pa kupumzikia. Mvua imeunyeshea uwanda ule tangu kabla hajakuwako mtu wa kuilalamikia. Imechuja kila kilichochujika, ikabakiza wekundu. Nyasi zake ni fupi, miti yake imejikunja, na ukiuliza watu wa chini ya mlima wanakwambia huko juu hakuna mwenyewe.

Miaka ishirini na saba iliyopita Tabaka alipewa kazi ya kuupima. Alikuwa kijana wa suruali iliyopigwa pasi hata porini. Alichora mistari juu ya karatasi, akapanga shimo moja kila hatua elfu mbili, mashimo ishirini na manne kwa jumla, kila moja la kumzamisha mtu mzima. Aliingia yote. Alipekecha udongo kwa vidole, akautemea mate, akaufinyanga utepe, akautafuna kidogo kwa meno ya mbele kusikia kama una mchanga, akaulinganisha na kitabu chake cha rangi, akaandika. Mashimo ishirini na mawili yalitoka mazuri ajabu: udongo wa kahawia iliyokolea, laini, wenye rutuba mpaka kiunoni, na mizizi imeteremka humo bila wasiwasi. Mawili tu yalikuwa jiwe tupu, na hayo Tabaka aliyaandikia kwa kalamu nyembamba, "Hayawakilishi eneo." Wakubwa walishangaa. Uwanda uliochakaa kiasi kile haukutakiwa kuwa na udongo mzuri namna ile. Walimwambia amevumbua jambo, naye hakuona sababu ya kuwapinga.

Sasa ramani ilikuwa imepata kazi. Serikali ilitangaza kugawa mashamba huko juu kwa familia zozote zitakazokubali kuhamia, na kwenye kila karatasi ya tangazo palichapwa ramani ndogo ya uwanda, na pembeni yake, ukiwa na macho mazuri, sahihi ya Tabaka.

Jumapili moja alikwenda kumtembelea mdogo wake, kama kawaida yake. Mdogo wake huyo alikuwa fundi cherehani, ameolewa akaachika, anaishi peke yake katika nyumba waliyoachiwa na mama yao, vyumba viwili na ukumbi mmoja wenye meza ya kukatia nguo. Tabaka alishamwachia nyumba yote kwa maandishi. Alimkuta ana pini nne mdomoni, anapima kola.

"Kaka, nimejiandikisha," alisema, akizitoa pini moja moja. "Nakwenda uwandani. Nimechoka kushona sare za watoto wa wenzangu. Nataka kitu kinachoota."

Tabaka alivimba kwa furaha. Mtu anaweza kutundikwa ukutani miaka ishirini na saba bila mtu wa nyumbani kwake kumsoma hata mara moja.

"Mwenye duka la pembeni atanunua nyumba," aliendelea yule dada. "Anakuja Ijumaa tuandikishane. Nitapata jembe la kukokotwa, mbegu na kibanda. Lakini sitaki kuuza nyumba ya mama kwa maneno ya kwenye tangazo. Wewe ndiye uliyeingia kule. Niambie mwenyewe, ardhi ni nzuri?"

Wengine wangesema ndiyo, ikaisha. Tabaka alivua miwani, akafumba macho, akaanza kukariri maelezo ya shimo namba nne, sentimita kwa sentimita, kwa sauti ya mtu anayeposa. Alipofika kwenye mizizi, mdogo wake alikuwa ameweka mkasi chini.

"Basi nauza," alisema.

Jumatatu, mkurugenzi alimwita Tabaka ofisini kwake. Alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye mafaili mengi mpaka kwenye kiti cha mgeni. Alimweleza kwamba fomu ya kuelezea mashimo imebadilika: ya zamani ilikuwa na safu kumi na mbili, mpya ina kumi na tisa, na jalada la mradi haliwezi kufungwa mpaka angalau shimo moja lielezwe kwa fomu mpya.

"Ni utaratibu tu, mzee wangu. Nenda, angalia, jaza, rudi."

Tabaka alichagua shimo namba nne, kama mtu anayechagua wimbo wake mwenyewe.

Kesho yake walipanda uwandani na dereva wa ofisi, mtu mnene aliyeamini kwamba kazi yake inakwisha gari linapozimwa. Tabaka alikuwa na daftari lake la zamani, ramani, dira, na kekee ya udongo, ile ndefu ya chuma yenye meno inayozungushwa kwa mikono kuchimbua chini. Alipima mpaka akafika pale hasa ramani iliposema shimo namba nne lipo. Hakuona dalili ya shimo. Hakujali, miaka ishirini na saba inatosha kufukia mengi. Akasimamisha kekee, akazungusha.

Iliingia kiganja kimoja, ikalia kang.

Akasogea hatua tatu. Kang. Akasogea kumi. Kang. Akageukia upande wa pili, akazungusha kwa nguvu zake zote mpaka mshipa wa shingo ukamtoka, na alichoambulia ni changarawe nyekundu na unga kama wa kutu. Chini ya ule udongo kiduchu kulikuwa na jiwe la chuma, gumu, limeunganika kama sakafu.

"Mzee," dereva aliita kutoka kivulini mwa gari, "labda umekosea mlima."

 Tabaka alipiga magoti, akakwangua, akaonja. Alijiambia ni mmomonyoko. Alitaka sana uwe mmomonyoko, kwa sababu mmomonyoko hauna mwenyewe, na hakuna anayeitwa ofisini kuuelezea. Lakini ardhi ilikuwa tambarare kama meza ya fundi cherehani, hakuna mfereji, hakuna korongo, hakuna pa udongo kwenda.

"Na pale penye kijani je?" aliuliza dereva, aliyekuwa na muda wa kutazama.

Hatua kama mia na hamsini kutoka walipokuwa, palikuwa na duara la nyasi ndefu, mbichi, katikati ya ukavu wote ule. Tabaka alikwenda bila haraka. Kekee ilizama pale kama kijiko kwenye uji. Na katikati ya duara, ndani ya kibonde kilichojaa magugu, akakuta kipande cha chuma kimechomekwa, kimeliwa na kutu, na juu yake namba aliyoigonga mwenyewe kwa nyundo. Nne.

Aliangalia huku na huko. Mbali kidogo aliona duara jingine la kijani. Na jingine. Kulikuwa na viduara vichache tu, vimetawanyika uwandani kama viraka kwenye shuka kubwa. Mbuzi waliokuwa wakila majani huko juu walikuwa wamejazana humo, kila kundi kwenye duara lake, hakuna hata mmoja aliyehitaji ramani.

Aliyewasimamia wachimbaji enzi zile alikuwa bado hai. Walimkuta kijijini chini ya mlima, ameketi barazani anaziba pancha ya baiskeli. Alikuwa nyapara wa wachimbaji kumi na wanane, na alimtambua Tabaka mara moja.

"Kijana wa pasi!" alisema kwa furaha. "Umezeeka vibaya."

Tabaka alimuuliza kuhusu shimo namba nne. Nyapara hakujiumauma hata kidogo. Alisimulia kama mtu anayesimulia ushindi wa timu yake.

"Siku ya kwanza tulichimba palepale ulipochomeka kijiti. Jiwe tupu! Sururu mbili zilivunjika mipini kabla jua halijapanda. Na sisi tulihesabiwa kwa mashimo, hatukuhesabiwa kwa siku. Nikawaambia wenzangu, jamani, hawa wataalamu wanataka shimo. Wangekuwa wanataka jiwe wasingekuja na kitabu cha rangi."

"Mkahamisha kijiti?"

"Kijiti kina mizizi?"

"Mkakipeleka wapi?"

"Panapochimbika! Zamani za kale kulikuwa na wafugaji huko juu. Walipohama waliacha mazizi. Zizi limelaliwa na ng'ombe miaka na miaka, samadi juu ya samadi. Pale hata kwa mkono unachimba. Pasipokuwa na zizi tulitafuta kichuguu kilichokufa. Nyinyi mlikuwa mnafika saa nne, shimo limenyooka, ngazi imeshawekwa. Ulikuwa unatusifu sana. Uliandika hata barua ya kutupongeza, ninayo ndani."

Tabaka aliuliza: "Na yale mawili yaliyotoka jiwe?"

Nyapara alisonya. "Siku hizo nilikuwa naumwa. Nilimwachia shemeji yangu, mjinga yule, akachimba palepale mlipoonyesha. Alitoka malengelenge mikono yote miwili. Nilimwambia, wewe kazi huiwezi."

Njia nzima ya kurudi dereva alikuwa anacheka peke yake, akiacha, akianza tena. Tabaka hakumkataza. Alikuwa amefungua daftari lake la zamani kwenye ukurasa wa shimo namba nne. Pale penye kimo cha goti, chini ya rangi na ulaini, alikuwa ameandika siku ile: "Vipande vya mifupa, kigae cha chungu, majivu." Halafu maneno hayo yalikuwa yamepigwa mstari. Mstari wenyewe ulikuwa umenyooka, wa rula. Alikumbuka vizuri. Fomu ya safu kumi na mbili haikuwa na safu ya mifupa, na mkubwa wake alipenda ukurasa safi. Aliona mifupa kwenye mashimo manane. Mara nane alichukua rula. Aliona aibu, na hakuwa na wa kumlaumu mle garini isipokuwa kijana mmoja wa suruali ya pasi.

Asubuhi ya Jumatano alikuwa mlangoni kwa mkurugenzi kabla ya mfagizi. Alieleza yote. Mkurugenzi alisikiliza bila kumkatiza, jambo lililomtia Tabaka matumaini.

"Kwa hiyo, mzee wangu, maelezo ya mashimo ni ya uongo?"

"Hapana. Ni ya kweli, kila neno."

"Basi ramani imechorwa tofauti na mashimo?"

"Imechorwa kama mashimo yalivyosema."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba tulipima panapochimbika. Uwanda wenyewe hauchimbiki."

 Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu aliyekuta treni inakwenda. Alimweleza kwamba marekebisho ya ramani yana fomu yake, na fomu hiyo inatakiwa sahihi mbili: ya aliyechora na ya aliyekagua. Aliyekagua alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita. Ikitokea hivyo, suala linakwenda kwenye kamati. Kamati inakutana kila baada ya miezi mitatu, na ajenda ya kikao kijacho ilikuwa imeshafungwa.

"Lakini usikate tamaa," alisema. "Kwenye fomu mpya kuna sehemu ya Mengineyo. Andika humo."

Tabaka aliandika kurasa mbili, akaziambatisha. Karani wa kuchapa alikuwa na mistari mitatu ya kujaza, akachukua kilichoenea. Kwenye jalada la mradi liliingia neno hili: "Udongo wa uwanda unahitaji uangalizi." Jalada likafungwa.

Alhamisi alasiri Tabaka alikuwa ukumbini kwa mdogo wake, amesimama kati ya marobota. Cherehani ilikuwa imefungwa kwenye blanketi. Juu ya meza ya kukatia palikuwa na vikombe vya mama yao, vimevishwa magazeti.

"Usiuze nyumba," alisema, hata salamu hakutoa.

"Kwa nini?"

"Ule uwanda ni jiwe."

Mdogo wake alicheka mpaka akashika meza. "Jumapili ulikuwa udongo, Alhamisi umekuwa jiwe. Umeupika?"

Alimsimulia yote: kekee, duara, nyapara, mazizi, hata rula. Hilo la rula lilikuwa gumu kulitoa kuliko yote, naye alilitoa. Mdogo wake aliendelea kufunga vikombe.

"Kwa hiyo shimo namba nne lipo?"

"Lipo, lakini..."

"Na udongo wake ni mzuri kama ulivyosema?"

"Ni mzuri, lakini ni zizi, upana wake hauzidi kiwanja cha nyumba!"

Dada alifungua droo, akatoa karatasi ya tangazo, akaweka kidole pembeni. "Hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulikuwa umelewa?"

"Sinywi, unajua."

"Basi niambie ukweli, kaka. Ni nyumba, siyo? Unastaafu, unarudi mikono mitupu, unaona bora nyumba ya mama ibaki."

"Mimi si nilikuachia mwenyewe kwa maandishi?"

"Ndiyo hivyo hivyo. Watu huachia, halafu wanajuta."

 Tabaka alikaa juu ya robota, na mdogo wake, alipoona hivyo, alipunguza sauti kidogo, lakini hakuacha kusema.

"Maisha yangu yote wewe unanirekebisha. Nikikunja pindo, limepinda. Nilipoolewa, mwanamume hafai. Nilipoachika, ulisema ulishaniambia. Mara moja tu maishani nimekusikiliza bila kukubishia. Nimeamini karatasi yenye jina lako. Leo unakuja kuniambia nisikuamini. Sasa nimwamini yupi? Yule aliyeingia mashimo ishirini na manne akakaa humo miezi, au wewe uliyekwenda siku moja ukarudi na hadithi ya mtu wa baiskeli?"

Ubaya wake ni kwamba swali lilikuwa zuri. Kama kijana wa ofisini angemletea uchunguzi wa siku moja kupinga uchunguzi wa mashimo ishirini na manne, Tabaka angemrudisha kwa dharau.  Ijumaa mwenye duka alikuja, wakaandikishana. Jumamosi Tabaka mwenyewe alibeba cherehani mpaka kwenye lori, kwa sababu ilikuwa nzito na hakutaka wapakiaji waiangushe.

Mashamba yaligawiwa kwa kura. Wiki mbili baadaye simu iliingia: mdogo wake alikuwa ameokota shamba lenye shimo namba nne, lile la zizi. Tabaka alicheka kicheko ambacho mke wake hakukipenda. Miezi ikapita. Wenzake walimuaga kwa keki ya matabaka sita, akaila bila kuitazama. Halafu ikaja picha: mahindi yamempita mdogo wake kichwa, naye amesimama mbele yake, mikono kiunoni. Chini aliandika, "Kaka, jiwe lako hilo limezaa." Mkurugenzi alikuwa ameipata picha hiyohiyo. Akaamua familia themanini za awamu ya pili zipelekwe zikajionee, na mzee mstaafu aende nazo, kama baba wa ramani.

Tabaka alikubali kwenda. Safari hii alikuwa amepiga moyo konde. Hakuwa tena na ajira wala jalada la kulinda, na hakukuwa na mtu wa kumwambia aandike kwenye Mengineyo.

Wageni walishuka kwenye malori, wakatembea mpaka kwenye mahindi, wakanyamaza kwa heshima kama watu walioingia nyumba ya ibada. Mama mmoja aligusa jani. Mzee mmoja alichota udongo, akaunusa, akaupitisha kwa mwenzake. Kuzunguka lile duara la kijani, kila upande, mashamba ya majirani sita yalikuwa na mabua yasiyozidi goti, lakini majirani waliambiwa wamechelewa kupanda, na wageni walikuja kutazama mahindi. Mkurugenzi alimkaribisha Tabaka aseme machache.

Alisema. Alisema bila kuzunguka kwamba wamesimama juu ya zizi la kale, kwamba nje ya mahindi haya ni jiwe la chuma, kwamba ramani aliichora yeye na ramani si ya kweli.  Alipomaliza, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya kekee alijisikia mwepesi.

Kisha mzee mmoja kati ya wageni akamgeukia mwenye shamba. "Mama, ndivyo ilivyo?"

Wote walimtazama. Mahindi yalikuwa nyuma yake. Fundi cherehani alimtazama kaka yake, halafu akatabasamu.

"Kaka yangu ni msomi," alisema. "Wasomi hawaridhiki. Hata keki huipima. Nyinyi njooni. Ila kila familia ije na mitaimbo miwili, mizito. Msisahau hiyo mitaimbo."

Watu walicheka kwa nafuu, wakapiga makofi. Wawili watatu waliandika: mitaimbo miwili. Hakuna aliyeuliza ya nini. Mkurugenzi alimshika Tabaka begani, akamwambia unyenyekevu wake umewagusa wengi.

Malori yalipoondoka, Tabaka akabaki. Alimgeukia mdogo wake kwa hasira.

"Umenifanya mwongo siku nilipoacha uongo!"

 Mdogo wake alimpeleka nyuma ya kibanda. Palikuwa na majembe mawili yaliyokatika shingo, na lile la kukokotwa limepinda ulimi. Akafunua viganja vyake. Tabaka aliwahi kuviona viganja hivyo vikiwa na michubuko ya sindano tu. Sasa vilikuwa vimepasuka, vikapona, vikapasuka tena.

"Nilijua wiki ya kwanza," alisema. "Nilitaka kukupigia simu nikuombe radhi. Nikaona aibu."

"Sasa kwa nini hawa watu..."

"Wakija familia themanini, serikali italeta bomba la maji, na mashine ya kupasulia mawe. Wameahidi, na watu themanini wanaweza kupiga kelele mpaka ahadi ikatimizwa. Tukibaki mimi na majirani sita, tutaletewa barua. Unafikiri nalala usingizi nikiwawaza? Silali. Lakini nirudi wapi?"

 Tabaka alimwonea huruma mdogo wake, akajichukia, na vyote viwili vilikuwa vizito kuliko alivyotarajia.

"Nyumba ya mama ina watu wengine," alisema dada, akifuta macho kwa bega. "Kwa hiyo usiniambie tena udongo ukoje, kaka, nimeshausikia. Niambie jiwe hili linavunjwaje."

Tabaka alikuwa hajui. Miaka thelathini na moja ya utumishi, kila alipofika kwenye jiwe la namna ile aliandika "tabaka gumu, halichimbiki," akafunga daftari, akapanda gari. Alivua koti, akalitundika kwenye mlango wa kibanda. Akachukua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa ukutani, akashangaa uzito wake, akamuuliza mdogo wake ameanzia wapi, naye akamwonyesha.